Jalada la Kitabu kwa Akili Mnemba: Ulipie Ipi?

Usichague programu kwa uzuri wa picha zake. Siku hizi zote zinatoa picha nzuri. Uliza kwanza: nikiikosoa, inasikia? Maana kuikosoa utaikosoa tu. Iambie ikuchoree mwanamke wa Lamu aliyejitanda kanga, itakuletea kitambaa cha maua matupu, hakina pindo wala mji, na penye jina pana herufi zisizosomeka. Bao itakutobolea mashimo inavyojisikia, wakati bao letu lina safu 4 na mashimo 32. Jahazi italivalisha matanga ya mraba kama meli za zamani za Ulaya. Msomaji wa Tanga au Mombasa huyaona haya kabla hajafika kwenye jina la mwandishi, na akishayaona anakosa imani na kilichomo ndani.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni ChatGPT Plus, ile ya kulipia dola 20 kwa mwezi. Unaielekeza kwa Kiswahili, unaipa picha ya kanga halisi uliyoipiga kwa simu, kisha unaiambia, "Acha vyote kama vilivyo, badilisha pindo tu." Haitii kila mara, pengine ikirekebisha kanga inageuza na uso. Hata hivyo, mkijibizana mara tano sita mnafika. Lipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa, fanya kazi yote ndani ya mwezi huo, halafu sitisha.

Udhaifu wake ni udogo wa picha. Za wima ninazopata huwa na pikseli 1024 kwa 1536. Kitabu cha A5 ni milimita 148 kwa 210, na mchapaji anataka nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 1748 kwa 2480, hapo hujaongeza milimita 3 kila upande za kukatia. Jalada langu la kwanza nililipeleka kiwandani bila kuijua hesabu hiyo. Kwenye simu lilikuwa linang'aa. Kwenye karatasi uso wa bibi ukatoka na ukungu, nakala mia mbili nzima. Sasa naikuza picha kwanza kwa Upscayl, ambayo ni ya bure, na silipi mpaka nishike nakala moja ya majaribio mkononi. Bluu na kijani kali za kioo cha simu nazo hufifia kwenye wino, kwa hiyo usizijengee jalada.

Midjourney ni ya pili. Kwa mwanga, kivuli na hali ya moyo, sijaona inayoishinda, na inaanzia dola 10 kwa mwezi. Lakini inataka Kiingereza, na picha zako zinaonekana na watu wengine. Kuzificha ni mpaka mpango wa dola 60. Kwa diwani ya mashairi au riwaya ya upelelezi, ambapo jalada halihitaji kanga wala bao bali giza na taa moja, ningeipandisha iwe ya kwanza.

Ya tatu, Firefly ya Adobe. Wenyewe wanasema imefundishwa kwa picha zenye leseni za Adobe Stock na zile ambazo hakimiliki yake imekwisha. Kama unaumia wachoraji kuchukuliwa kazi zao bila ridhaa, nami naumia, hiyo ni sababu tosha. Ila watu wake wanatabasamu kama wa tangazo.

Ideogram inasifiwa kwa kuandika maneno ndani ya picha. Mimi simo: jina la kitabu liandike mwenyewe kwenye Canva, hata ile ya bure, ili kesho uweze kusahihisha herufi moja bila kuchora upya. Stable Diffusion ni ya bure, kwa mwenye kompyuta yenye kadi nzito ya michoro na subira ya fundi.

Ukiuza Amazon kupitia KDP, huduma yao ya kujichapishia vitabu, tangu Septemba 2023 ni lazima uwatajie kwamba picha ya jalada imetengenezwa na akili mnemba. Na Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuwa picha za Midjourney katika kitabu kimoja cha katuni hazilindwi. Maana yake, mwingine akiichukua picha yako huenda usiwe na la kumdai.

Jambo moja sikubaliani nalo kabisa: kuandika "mtindo wa Tingatinga" kwenye programu. Edward Saidi Tingatinga aliuanza Dar es Salaam mwaka 1968, na warithi wake wako Oysterbay wanachora hadi leo. Nenda, chagua mchoro, na umwombe msanii akuandikie kwamba amekuruhusu kuuweka kwenye jalada, kwa sababu kununua mchoro peke yake hakukupi haki ya kuuchapisha.