Dripu ya robo eka niliyonunua Arusha mjini

Wakuu hii dripu, yaani mipira ya kumwagilia kwa matone, nimeitumia misimu miwili sasa kwenye nyanya, shamba liko Usa River, nilinunua duka moja la pembejeo mjini. Mipira yenyewe iko vizuri sana aisee, matundu yako kila sentimita 30, unafungua koki ya simtank asubuhi unaona unyevu umezunguka shina tu, katikati ya matuta pakavu kabisa, majani hayalowi kwa hiyo ukungu umepungua na palizi pia. Zamani nilikuwa nategemea zamu ya mfereji, mara moja kwa wiki tena usiku, nyanya zinakaa na kiu halafu zinapigwa maji mengi kwa mpigo, zinapasuka. Sasa hivi kupasuka nimesahau, na mbolea nayeyusha humo humo kwenye tenki.

Kilichoniumiza ni huduma. Fundi wao alifunga akaondoka bila kuniambia filta inaoshwa, na maji yetu ya mfereji mnayajua yana tope, wiki ya tatu mistari minne ya mwisho ikakauka miche ikalala, napiga simu hawapokei. Nikafungua mwenyewe, ule wavu wa ndani umejaa tope zito kama uji wa ulezi. Siku hizi naosha kila baada ya siku mbili na ncha za mipira nazifungua uchafu utoke.

Dripu nitanunua tena, pale dukani sirudi. Na simtank iinueni juu jamani, ikikaa chini maji hayafiki mwisho wa shamba.