Kliniki ya bawasiri, Moshi mjini: kipimo cha kidole kizuri, ufuatiliaji dhaifu

Chumba kina pazia, na daktari anaeleza kabla ya kugusa. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Kidole chenye glovu na jeli kinaingia taratibu, kisha kinazungushwa pande zote, na hapo ndipo wengi huharibu: njia ya haja kubwa yenyewe ni sentimita 3 hadi 5 tu, lakini uvimbe mgumu kama punje ya hindi, unaoweza kuwa saratani, hupitwa kirahisi ukipapasa upande mmoja. Anoskopu yao, kifaa cha kuchungulia ndani ya njia hiyo, ina taa nzuri. Mpaka hapo, nyota nne.

Baada ya hapo zinapungua. Kwao kila damu ni bawasiri, na dawa ya kupaka inaandikwa tena na tena. Bawasiri ya ndani ni laini na kwa kawaida haiumi. Lakini kidonda chenye kingo ngumu kisichopona wiki kadhaa huenda ni saratani ya njia ya haja kubwa, na kinahitaji kukatwa kipande kidogo cha kupimwa maabara. Mitoki ya kinena hawaipapasi. VVU hawaulizi, ilhali saratani hii husababishwa zaidi na kirusi cha HPV, na wenye VVU wamo hatarini zaidi.

Kipande hicho kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande chenyewe. Wakileta chupa ya maji ya chumvi, kataa. Kinaweza kuharibika kabla ya kufika maabara. Na usikubali uvimbe wote ukatwe kabla ya jibu: saratani ya seli bapa, aina inayotokea zaidi hapa, mara nyingi hutibiwa kwanza kwa mionzi pamoja na kemo. Omba mapema rufaa ya kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi.

Nyota mbili na nusu.