Duka la santuri Kariakoo: anzia kreti ya pili, kushoto

Mwaka wa 22 huu nachapa fulana kwa skrini, ile fremu ya kitambaa inayopitisha wino. Picha ya rangi mbili siwezi kuiangalia kama mtu mwingine: kabla ya sura naangalia kingo, wino ulipovuja, skrini ilipohama. Kwa hiyo duka hili dogo la santuri, ghorofa ya kwanza nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, nitalieleza kuanzia kwenye makava.

Kreti ya kwanza ni dansi na rumba, na wateja wengi huishia hapo. Ya pili, kushoto ukiingia, ni panki ya Uingereza, ule muziki wa vijana wa miaka ya 1970. Kijana wa dukani aliniamkia, akanisogezea stuli. "Mama, toa zote uangalie, usiwe na wasiwasi." Nilikaa saa nzima na nusu bila kuulizwa kama nanunua. Kwa hilo nampa alama zote.

Kava la kwanza nililolishika ni la bendi ya Sex Pistols, la 1977. Njano kali, pinki kidogo, herufi nyeusi zisizolingana kana kwamba zimekatwa gazetini. Sura ya mtu hamna. Kule Nottingham meneja wa duka alipelekwa mahakamani mwaka huohuo kwa kulionyesha, kisa neno moja la matusi kwenye jina lake, na sheria iliyotumika ilikuwa ya 1889. Alishinda. Hapa Kariakoo nakala nyingine imewekwa dirishani, inaangalia barabara.

Aliyelibuni ni Jamie Reid, na herufi zile hakuzianza kwa ajili ya bendi. Mwaka 1970 yeye na wenzake walikuwa na kijigazeti chao Croydon, kusini mwa London, Suburban Press, wakiwashambulia wakubwa wa mji na waliokuwa wakiujenga upya. Hela ya kupangiwa herufi hawakuwa nayo. Mkasi na magazeti ya jana vilikuwepo. Siasa yao iliegemea kundi la Guy Debord, mwandishi mwanamapinduzi wa Paris: picha ya mwenye nguvu usiichore upya, ichukue ilivyo, uigeuze iseme kinyume. Ndivyo alivyomfanyia Malkia Elizabeth. Alichukua picha yake rasmi, akaziba macho kwa jina la wimbo wa bendi, God Save the Queen, na mdomo kwa jina la bendi, mwaka ule wa jubilei yake ya miaka 25.

Marehemu baba alikuwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kitengo cha kuchapa khanga. Alikuwa akiniambia jina la khanga halielezi ua lililochorwa. Lina neno lake, na anayehusika atalisikia. Nilipoyaona yale macho yaliyozibwa nilimkumbuka yeye.

Na Paris yenyewe, Mei 1968, wanafunzi wa sanaa walichapa mabango ya mgomo kwa skrini, mengi yakiwa ya rangi moja, bila saini ya mchoraji. Hii ni kazi yangu, naijua kwa mikono. Rangi moja ni skrini moja. Ukiongeza ya pili unasubiri ya kwanza ikauke, na mgomo haukungoji. Wanafunzi wetu wa Mlimani nao walidurufu jarida lao, Cheche, kuanzia 1969 mpaka likapigwa marufuku 1970, kwa stensili na karatasi za kawaida.

Nililonunua ni la Crass, bendi nyingine ya panki, toleo la zamani, kona zimelika. Ukilikunjua linakuwa bango la kubandika ukutani, nyeusi na nyeupe. Michoro ni ya Gee Vaucher. Utaapa ni vipande vya picha za magazeti vilivyogundishwa, kumbe nyingi za kazi zake za namna hii amezichora kwa brashi, kivuli kwa kivuli. Uvumilivu ule nauheshimu kuliko kitu chochote dukani mle. Na juu ya kava wamechapa amri kwa mnunuzi: usilipe zaidi ya bei hii. Bendi yenyewe imemfunga mikono muuzaji.

Hapo ndipo nina ugomvi na duka. Ukutani wametundika makava matupu, yamewekwa kwenye fremu za kioo, 150,000 moja, na mojawapo ni la Crass. Santuri yake iko wapi? Imewekwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kaunta. Mimi nililipa 60,000 kwa kava na santuri yake, na hata hiyo niliona kubwa. Jambo la pili, stika ya bei imebandikwa kwenye karatasi yenyewe. Nilipoibandua kwenye lile la njano, iliondoka na wino.

Spika zao ni ndogo, besi haisikiki. Choo hakuna.

Nilimwambia kijana kuhusu stika, naye hakukasirika. Nilimwonyesha namna ya kuvalisha kava plastiki nyepesi kisha bei ikae juu ya plastiki. Akaandika jina la plastiki kwenye kiganja. Kuhusu fremu alisema ni uamuzi wa bosi, nami nimemwachia bosi ujumbe kwa karatasi, herufi kubwa.