Nimeweka mkanda wa inchi 159 kwenye RMK ya 2003: uzoefu wangu

Kama una pikipiki ya theluji ya zamani na injini yake bado nzima, usiiuze kabla hujafikiria kuibadilishia mkanda, yaani ule mpira mpana unaozunguka chini yake na kuisukuma mbele. Mimi naishi Calgary, Kanada, na wikendi za baridi napanda mji wa milimani wa Revelstoke, mwendo wa kilomita mia nne hivi kuelekea magharibi. Mashine yangu ni Polaris RMK 700 ya mwaka 2003, iliyokuwa na mkanda wa inchi 144. Kwenye njia iliyoshindiliwa haikuwahi kunisumbua. Ilikuwa inanitesa kwenye milima ya huko, Boulder Mountain na Frisby Ridge, theluji ikishaanguka usiku kucha: ukisimama kidogo tu kwenye mwinuko, ukipiga resi mkanda unachimba badala ya kusukuma, nyuma inazama, na kazi inayobaki ni ya koleo.

Mkanda mrefu unasaidia kwa sababu uzito uleule unagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Kutoka 144 hadi 159 ni ongezeko la inchi 15, lakini mkanda ni duara, kwa hiyo nusu tu ya hizo, yaani inchi 7.5, ndiyo inayoongezeka chini. Kwa upana wa inchi 15, hiyo ni zaidi ya inchi 110 za mraba za kuelea juu ya theluji. Ukiziona karatasini ni chache. Ukiwa mlimani unazihisi.

Kabla ya kulipa, jua nafasi ya meno ya mashine yako. Namaanisha umbali kutoka tundu moja la mkanda hadi jingine, pale sproketi za shafti inayouzungusha zinapokamata. Yangu ni inchi 2.52, ambao ndio mpangilio wa mashine nyingi za zamani, wakati mikanda mingi ya miaka ya karibuni ni 2.86 au 3. Kuna muuzaji aliyeniambia mkanda wowote wenye upana wa inchi 15 utaingia, akanisukumia wa 163 wenye nafasi ya 2.86. Ningeuchukua, sproketi zangu zingeshindwa kuukamata na shafti ingebidi ivishwe sproketi nyingine. Hili liliniudhi sana, maana mtu mgeni wa mambo haya angetoa pesa na kubaki na mpira usiomfaa. Njia ya kuhakiki ni rahisi: gawanya urefu kwa nafasi, na jibu likaribie namba kamili ya matundu. 144 kwa 2.52 unapata matundu 57, na 159 unapata 63. Mimi nilichukua mkanda mpya wa Camso, 159 kwa 15, kashata (vile vibao vya mpira vinavyosukuma theluji) za inchi 2, sawa na kimo cha zile za zamani, ili zisije zikagonga rejeta zilizo juu kwenye uvungu, lile bati linalofunika mkanda.

Kufunga mkanda wenyewe si kazi ya kutisha. Unamwaga oili ya boksi la cheni, unatoa sproketi na beringi, unafungua bolti za sasipensheni na kuishusha nzima, kisha shafti inachomoka. Kazi ya umakini iko kwenye reli, zile mbili za sasipensheni ambazo mkanda unateleza chini yake. Nilinunua vipande vya kurefushia vya alumini, vinavyofungwa kwa bolti ubavuni mwa reli za zamani, na ekseli ya nyuma inahamia huko mwisho. Pale vinapoungana ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Plastiki ya kutelezea inapita juu ya kiungo hicho, na ikikuta hata ngazi ndogo italika pale pale. Nilipiga tupa, nikapitisha ukucha, nikapiga tena, mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Plastiki nilinunua ndefu za kipande kimoja, na nakushauri usiunganishe vipande viwili kwa kubana matumizi.

Uvungu nao lazima urefushwe. Ukiuacha, mkanda unatokeza nje, theluji inarushwa nyuma badala ya kupiga rejeta, na injini inachemka. Mwenzako anayekufuata naye anakula mabarafu ya uso. Bati la alumini, ribiti za kutosha na madigadi mpya vilitosha.

Watu wengi husahau gia. Mkanda mrefu ni mzito na unakula nguvu, na injini ya 700 haitageuka kuwa 800 kwa sababu umeurefusha. Nilishusha sproketi ya juu kwa meno mawili. Kasi ya mwisho imepungua, jambo ambalo mlimani halina maana yoyote, lakini klachi sasa inashika vizuri na belti yake haipati joto kama mwanzo.

Sasa matokeo. Naweza kusimama katikati ya theluji ya kiunoni na kuondoka tena taratibu, bila kuchimba. Kwenye mwinuko pua hainyanyuki ovyo. Nimefika sehemu ambazo zamani nilikuwa nazitazama kwa chini tu, na furaha yake siwezi kuificha. Gharama yake ni kwenye kona: katikati ya miti mashine imekuwa nzito kugeuza, na kwenye njia ngumu inataka kwenda moja kwa moja. Jumla ya mkanda, reli, plastiki na vikorokoro ilizidi dola 1,000 za Kanada, kazi nikiifanya mwenyewe.

Kingine cha kuzingatia: mkanda huu unakupandisha kwenye miteremko ya nyuzi 30 na zaidi, na huko ndiko maporomoko ya theluji yanakoanzia. Soma taarifa ya Avalanche Canada, shirika linalotoa tahadhari za maporomoko, kila siku unayotoka, na kila mtu wa kundi awe na kifaa cha mawimbi mwilini cha kumtafutia akifukiwa, fito ya kutafutia na koleo.

Baada ya safari za mwanzo pima tena mkazo, kwa sababu mkanda mpya hunyooka. Ning'iniza uzito wa ratili 10 katikati ya upande wa chini na ulinganishe mshuko na kitabu cha mashine yako, kisha kaza bolti za ekseli pande zote mbili kwa usawa ili mkanda usivutwe upande mmoja. Mwenye mkanda wa 136 na injini ndogo simshauri aruke hadi 159. 144 itamtosha, na injini itaubeba bila kulalamika.