Mtu ukutani au kamera: nani afungue loki?

Loki ni chumba cha maji chenye milango pande zote mbili. Vyombo hupandishwa au kushushwa humo. Maji hujaa na kutoka yenyewe kupitia vali, bila pampu. Swali ni nani azifungue.

Kwenye sehemu ya juu ya mto Mississippi, Marekani, loki nyingi zilijengwa miaka ya 1930 zikiwa na urefu wa mita 183. Msafara wa matishari (vyombo bapa vya mizigo) 15 ni takriban mara mbili ya hapo, kwa hiyo hukatwa vipande viwili na kuvushwa kwa awamu. Mabaharia hufungua nyaya na kukaza kamba, huku mwendeshaji akiwatazama kutoka juu ya ukuta. Kamba ikikwama maji yakishuka, inaweza kukatika na kumjeruhi mtu. Anayesikia kamba ikilia atafunga vali mapema.

Uholanzi imechagua njia nyingine. Kutoka kituo cha Tilburg, mwendeshaji mmoja huhudumia loki kadhaa za mifereji kwa kamera na redio. Meli nyingi huko huingia nzima, kazi ni ileile kila mara, na si lazima kila loki iwe na zamu yake ya usiku.

Kwa mifereji hiyo, ningechagua kamera bila kusita. Mississippi, ambako magogo na barafu huziba milango, ningeweka vihisi na mitambo mipya, lakini mtu abaki ukutani. Kamera haioni vizuri kwenye ukungu, na kamba hukatika ghafla.