TAHADHARI: "Ufadhili wa utafiti" kwa wanaoingia mwaka wa kwanza chuoni, tumeshaliwa 370,000

Wazazi wenzangu, walezi, na nyinyi vijana mliomaliza S.6 (kidato cha sita) mkapata barua za kujiunga na chuo: kuna watu wamejipenyeza kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wapya, wanajiita ofisi ya ufadhili wa utafiti. Msiwatumie hata shilingi moja. Sisi tumeshatuma, na naeleza yote yalivyokuwa ili asiliwe mwingine.

Mimi nafanya biashara hapa Busia, upande wa Uganda. Mtoto wa kaka yangu amepata nafasi ya kusoma sayansi katika chuo kimoja cha serikali. Jina lake lilipotoka, kwa furaha aliipiga picha barua yake akaiweka kwenye status vile vile ilivyo, na namba yake ya mtihani wa UNEB (baraza la mitihani la Uganda), kozi yake na simu yake. Nyumba nzima tulishangilia, hakuna aliyeona ubaya. Siku nne baadaye akapigiwa simu na mwanamume mwenye sauti ya upole na Kiingereza kilichonyooka. Aliposikia kijana ni wa Busia akahamia kwenye Kiswahili, akawa anamwita "msomi wangu". Akamsomea namba ya mtihani yote bila kukosea, akamtajia na kozi. Kijana wa miaka 19 akisikia hivyo, atasemaje si chuo kinachopiga?

Akaambiwa amechaguliwa miongoni mwa wanafunzi 20 watakaofanya utafiti pamoja na maprofesa tangu mwaka wa kwanza, na kila muhula atalipwa milioni moja na laki nane, fedha kutoka serikali ya Marekani. Barua ikaingia kwenye simu papo hapo, ina nembo ya chuo, muhuri wa zambarau na sahihi. Ada ya kujiandikisha 120,000, na mwisho ni siku hiyo hiyo saa kumi na moja jioni. Alipokuwa anatuma, kabla hajaweka namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji: jina la mtu, si la chuo. Mtoto aliliona. Akauliza. Akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu." Akatuma.

Kesho yake wakadai 250,000 za "kibali cha utafiti". Hizo alizitoa kwenye pesa ambazo mama yake alimpa za kushika chumba cha hosteli. Waliporudi mara ya tatu wakitaka 400,000 za kufungua akaunti ya dola, ndipo alipokuja dukani kwangu kukopa, na mimi nikamwambia akae chini anieleze tangu mwanzo.

Nilichofanya ni kumpigia mama mmoja wa Tororo ambaye kijana wake alisoma pamoja na mtoto wetu. Kumbe kijana huyo naye alikuwa amepata barua hiyo hiyo, ila yeye alikuwa bado hajatuma kitu. Walikuja Jumamosi. Tuliziweka simu mbili juu ya meza, barua kwa barua. Majina ya watoto ni tofauti. Namba ya kumbukumbu ni ile ile moja, hadi tarakimu ya mwisho. Muhuri umeinama upande ule ule na umekata herufi ile ile ya sahihi. Barua mbili za watu wawili, zimegongwa muhuri na mkono wa mtu, haziwezi kufanana hivyo. Ni picha moja, wanabadilisha jina tu. Mtoto wa kaka yangu alinyamaza, akaondoka pale mezani akaenda kusimama nje.

Baadaye nilimuuliza mhadhiri mmoja tunayesali naye kanisa moja, na aliyonieleza ndiyo ninayotaka myashike. Ufadhili wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza upo kweli duniani. Huko Marekani, chuo cha MIT kina mpango uitwao UROP tangu 1969, na mwanafunzi anayefanya utafiti humo anaweza kulipwa, au kazi yake ikahesabiwa kama somo. Pesa inatoka kwa mradi inakwenda kwa mwanafunzi. Na anakuwa na mwalimu anayejulikana kwa jina, maabara yake na swali analolichunguza. Sisi hatukuwahi kutajiwa profesa hata mmoja. Kama ningeuliza hilo tu, "mtoto atafanya kazi chini ya nani, kuhusu nini?", yule bwana angekwama.

Hizo fedha za serikali ya Marekani nazo ni uongo. Upo mpango wao wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, uitwao REU, unaogharimiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa huko, lakini wanaolipwa kwa fedha hizo ni raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu kule. Mtoto wa Busia hawezi kuchaguliwa humo akiwa nyumbani, tena kabla hajasajiliwa hata chuoni.

Kibali je? Hapa Uganda kibali cha utafiti kinatoka kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kinaombewa mradi ulioandikwa na kupitiwa na kamati ya maadili. Mtu ambaye hajapewa hata mada anaombewa kibali cha kutafiti nini? Na ada za vyuo vya serikali zinalipwa kwa PRN, ile namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa chuo chenyewe, ukaenda nayo benki au ukalipia kwa simu. Hazitumwi kwa namba ya mtu. Barua pepe yao nayo ilikuwa ya Gmail, wakati ofisi za vyuo vyetu zinatumia anwani zinazoishia na ac.ug.

Vijana, futeni hizo picha za barua kwenye status zenu leo. Furaha yenu ni halali, lakini bafere hawa, yaani matapeli, hawakubahatisha namba ya mtihani, waliisoma pale. Kama unataka kuwaonyesha watu, funika namba zote.

Ukishatuma, usikae na aibu kama mwanetu alivyokaa siku sita. Piga 100 kwa mtandao wako wa simu mara moja, kwa sababu muamala unaweza kuzuiwa pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala. Zetu zilikuwa zimeshatolewa. Kisha nenda kituo cha polisi, uandikishe, udai namba ya kumbukumbu ya kesi. Ulaghai wa kielektroniki ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Usifute ujumbe wowote hata kama unakuuma kuusoma, na wala usimtukane yule mtu, maana akijua umeshtuka anakublok na picha yake inapotea. Sisi tulichelewa kulijua hilo.

Wazazi, msiwapige hawa watoto maneno. Huyu wetu alitaka kusoma, na waliomwibia walimshika pale pale.

Laini waliyotumia kwetu haipatikani tena, lakini tangu juzi barua ile ile imeonekana katika kundi jingine la wanafunzi wapya. Ijumaa asubuhi narudi kituoni pamoja na yule mama wa Tororo. Aliyetuma pesa, au aliyepata barua yenye muhuri wa zambarau ulioinama, aniandikie inboksi kabla ya hapo, na aje na ujumbe wake wa muamala.