Nimeunga hosteli kwa faiba, msimu wa mvua umepita, uzoefu wangu

Habari zenu wakuu. Niko Iyunga hapa Mbeya, nina steshenari barabarani na nyuma huko kama mita 180 hivi nina kihosteli cha wanafunzi. Intaneti inaingia steshenari, kwa hiyo shughuli ni kuifikisha hosteli. Mwanzo nilivuta ule waya wa kawaida wa neti, wa shaba wenye nyaya nane ndani, na kwa sababu ule mwisho wake ni mita 100 fundi akaweka swichi (kile kisanduku cha kupokea na kugawa neti) katikati kwenye kibanda cha mzee jirani. Ikaenda vizuri mpaka mvua zilipoanza. Radi za huku mnazijua, wala siyo lazima ipige nyumba yako, ikipiga tu jirani umeme unaruka kwenye ile shaba unakuja mpaka kwenye vifaa, msimu mmoja nimeunguza swichi mbili na tundu moja la rauta, na kila ikitokea ni saa nne usiku wanafunzi wana kazi za kutuma chuo, wananigongea, dada neti vipi. Iliniuma sana.

Oktoba nikasema basi, nahamia faiba. Faiba ni kioo, kinapitisha mwanga, umeme haukipitii, na mita 180 kwake si kitu maana hata Mkongo wa Taifa, ule waya mkuu wa mawasiliano wa nchi, unaopita kwenda mipakani Tunduma na Kasumulu ni kioo hichohicho kinaenda kilomita na kilomita.

Nilinunua waya wa nje mita 200 wa uzi mmoja wa kioo, ule bapa mweusi wenye waya wa chuma pembeni wa kuning'inizia kwenye nguzo, na media konvata mbili, vile visanduku vinavyogeuza neti ya waya wa shaba kuwa mwanga na mwanga kuwa neti, moja ya kila upande. Kwenye konvata kuweni makini jamani. Zinauzwa pea, A na B. A inatuma mwanga wa nanomita 1310 (ndiyo urefu wa wimbi lake) inapokea 1550, B ni kinyume chake, ndiyo maana uzi mmoja unatosha kwenda na kurudi. Mimi dukani nilikuwa napewa A mbili, naambiwa dada zote ni sawa tu. Si sawa, ukifunga A mbili haziwezi kusikilizana hata siku moja. Soma lebo mwenyewe kabla hujalipa.

Nililolikosa mimi ni rangi ya konekta, ile ncha ya kuchomekea. Waya niliuziwa ukiwa umeshafungwa konekta za kijani pande zote, na tundu za konvata zangu ni za bluu. Zinaingia vizuri kabisa, zinalia tak, unaona kazi imeisha. Kumbe ncha ya kijani imekatwa mshazari digrii 8 na ya bluu iko wima, zikikutana hazigusani sawasawa, panabaki kanafasi, mwanga mwingi unapotea hapo. Taa ya faiba kwenye konvata ikawa inawaka inazima, inawaka inazima, neti inakaa dakika kumi inakata, nikahangaika wiki mbili nikabadilisha adapta za umeme, nikabadilisha mpaka rauta, nikaanza kuamini faiba ni uongo.

Fundi wa pili alikuja na kipimo cha mwanga, hakumaliza hata dakika tano, akasema dada waya wako ni mzima, tatizo ni ncha. Akanipa njia mbili, konekta za kubana kwa mkono au kuunga kwa mashine vipande vifupi vyenye ncha ya bluu. Kwa umbali wangu hata za kubana zingetosha, faiba yenyewe kilomita nzima inapoteza mwanga kama desibeli 0.35 tu, yaani kidogo sana, lakini nikachagua mashine kwa sababu ule uzi unayeyushwa unakuwa kitu kimoja, hakuna cha kulegea upepo ukivuta. Na kila ncha aliifuta kwa spiriti kabla ya kuchomeka. Njia ya mwanga katikati ya uzi ni mikroni 9, yaani nyembamba mara nyingi kuliko unywele, vumbi la Mbeya la kiangazi chembe moja tu inatosha kuziba, kwa hiyo tangu siku ile hakuna mtu anachomoa konekta pale bila kuifunika kofia yake.

Halafu radi. Wengi mnasahau kwamba kioo hakipitishi umeme ila ule waya wa chuma wa kuning'inizia unapitisha vizuri sana. Fundi aliukata nje, akaufunga kwenye nguzo ya mlingoti, ndani ukaingia ule ubapa peke yake. Na ndani ya ubapa kuna vijiti viwili vya kuupa nguvu, kuna aina ni chuma na kuna aina ni plastiki ngumu. Chukua ya plastiki. Ukienda dukani beba sumaku, menya kipande, kiguse, kikinasa achana nacho.

Matokeo: tangu Novemba mpaka sasa Mei mvua imepiga, radi imepiga, mparachichi wa mzee jirani ulivunjika tawi likaangukia waya ukalala chini siku nzima, neti haikukata. Hakuna kifaa kimeungua kwa radi. Spidi inayofika hosteli ni ileile ya steshenari.

Lawama ninayo kwa adapta za konvata, zilezile ndogo zilizokuja kwenye boksi. Moja ilikufa mwezi wa pili umeme uliporudi kwa nguvu, sasa zote nimezipitisha kwenye kibetri, hivyo hata umeme ukikatika wanafunzi wanaendelea.

Wenye watoto, vile vipande vya kioo vinavyobaki fundi akikata vikusanywe vyote kwenye chupa, vikiingia kwenye kidole huvioni. Na usichungulie ncha ya uzi uliowashwa, mwanga wake jicho halioni lakini upo.

Walioko Tukuyu ambako mvua haina likizo, ule waya mweusi ganda lake kwenu limekaa miaka mingapi bila kupasuka? Nataka kuvuta mwingine mpaka kwa mzee jirani, wajukuu zake wanasoma.